Kaburi la Mshairi wa Langkat

Katika mji wa Tanjung Pura, kaskazini mwa kisiwa cha Sumatra, uko msikiti uitwao Azizi, na ubavuni mwake pana kaburi la mshairi. Aliyelala humo ni Amir Hamzah, mwana wa ukoo wa masultani wa Langkat, aliyezaliwa mwaka 1911. Njia ya Indonesia kutoka mikononi mwa Waholanzi hadi uhuru husimuliwa kwa majina ya viongozi na tarehe za mikataba. Kaburi hili nalo ni kituo cha njia hiyo.

Waholanzi walifuata viungo: pilipili, kungumanga, na karafuu za Maluku, ndizo bibi wa karafuu za Unguja na Pemba. Kampuni yao iliundwa mwaka 1602. Ilipofilisika karne mbili baadaye, serikali yao ikairithi milki. Wafalme wengi wa kienyeji waliachiwa viti vyao, mradi watie saini. Langkat kukapatikana mafuta ya petroli, sultani akatajirika, na urafiki wake na wageni ukazidi kukaza mizizi.

Uhuru ulianza kutafutiwa ulimi kabla ya kutafutiwa bendera. Tarehe 28 Oktoba 1928, vijana waliokutana Batavia, ambayo leo ni Jakarta, walikula yamini ya nchi moja, taifa moja na lugha moja ya umoja. Wajava ndio waliokuwa wengi, na fasihi yao ni kongwe. Lakini lugha yao humtaka msemaji apime cheo cha anayesema naye kabla ya kuchagua neno. Vijana wakashika Kimalei, lugha ya bandarini na sokoni, iliyokuwa imezoea kupokea wageni. Watu wa mwambao hawahitaji kufasiriwa hekima ya uamuzi huo.

Kimalei kilikuwa lugha ya mama kwa Amir Hamzah. Alikwenda Java kusoma, akaingia katika harakati za vijana, na mwaka 1933, yeye na wenzake wawili, Sutan Takdir Alisjahbana na Armijn Pane, wakaanzisha jarida la Pujangga Baru. Humo alionesha kwamba lugha ya sokoni yaweza kubeba upweke wa mja anayemtafuta Mola wake. Alitafsiri pia tungo za mataifa mengine ya Asia, kana kwamba anakiwekea Kimalei akiba kwa siku zijazo.

Huko Java alimpenda msichana wa Kijava. Lakini sultani alimwita nyumbani, na mwaka 1937 akaozwa binti wa sultani huyo. Hakukataa. Mwaka huohuo ukatoka mkusanyiko wake Nyanyi Sunyi, yaani Nyimbo za Upweke. Baada ya hapo kalamu yake ilinena kwa uchache.

Wajapani walivamia mwaka 1942, wakakipiga marufuku Kiholanzi, na Kimalei kikapata nafasi pana bila ya wavamizi kukikusudia hisani. Tarehe 17 Agosti 1945, Soekarno na Hatta wakatangaza uhuru. Jamhuri changa ikamteua Amir Hamzah awe mwakilishi wake Langkat, naye akakubali.

Machi 1946 ghadhabu ikalipuka Sumatra ya Mashariki dhidi ya majumba ya kifalme yaliyoshirikiana na Waholanzi. Ghadhabu hiyo haikuzuka bure: dhuluma ilikuwepo, na wanyonge waliihesabu kwa miaka mingi. Lakini iliposhika panga haikuuliza nani alitia saini na nani alitunga mashairi. Iliuliza ukoo. Tarehe 20 Machi, huko Kuala Begumit, Amir Hamzah aliuawa pamoja na wengine, akafukiwa katika kaburi la halaiki. Waliomuua walidai kuupigania uhuru, naye alikuwa mtumishi wa Jamhuri yenyewe.

Mwaka 1949 mifupa yake ilihamishiwa pale msikitini. Desemba ya mwaka huo Waholanzi walikabidhi mamlaka. Mwaka 1975 Indonesia ikamtangaza shujaa wa taifa, kwa lugha ileile aliyoinyoosha kwa mashairi yake, naye akiwa kimya kwa miaka 29.