Ng'ombe wa Gusii na Mahari Yetu

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Gusii huikata nchi ya Kenya karibu yote kabla ya kufika. Sisi tulipita Nairobi, tukateremka Bonde la Ufa, tukazipita Narok, Bomet na Sotik. Kuanzia Keroka, mji ulioko mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira, hatukuona tena pahali patupu. Majani chai, migomba, mahindi na nyumba hufuatana tangu kilele cha mlima hadi ukingo wa mto. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kisii na 605,576 katika Nyamira, na kila kilomita moja ya mraba ya Kisii ina watu zaidi ya 900. Baridi ya alfajiri humfanya mtu wa pwani aulizie koti, lakini lugha haimtupi. Kwa Ekegusii mtu ni omonto, nyumba ni enyomba, na ng'ombe ni eng'ombe.

Huyo ng'ombe ndiye aliyetupeleka. Binti mmoja wa Nyamira alisilimu akiwa kazini huku kwetu, akaolewa na kijana wa mtaani petu. Akdi ilitimia, kadhi alisimama mahali pa walii, mashahidi walihudhuria, na mahari akakabidhiwa bi harusi mkononi mwake. Wazazi wake hawakuipinga ndoa hiyo. Walisema tu kwamba wao bado hawajaiona. Basi tukaombwa, watu wazima wanne, tumsindikize kijana kwenda kuzungumza.

Ni vyema msomaji afahamu ada ya wenyeji wetu. Kwa Abagusii mtu haoi ndani ya ukoo wake. Zamani mke alitoka katika ukoo mwingine, pengine ule ule waliopigana nao jana, na wazee wana msemo kwamba tunaooana nao ndio tunaopigana nao. Kwa sababu hiyo alihitajika mshenga, waliyemwita esigani, mtu wa kuaminika pande zote mbili. Kazi yake ilikuwa kuchunguza tabia za watu na sifa za nyumba kabla ya neno lolote kutamkwa. Kisha wakaja ng'ombe. Ng'ombe walioingia bomani kwa ajili ya binti ndio waliotoka kumwolea kaka yake, hata ikawa kila kaka ana deni la heshima kwa dada aliyemwezesha kuoa. Mwisho ikafuata enyangi, sherehe yenyewe, ambayo mara nyingine ilifanywa baada ya miaka, watoto wakiwa wamekwisha kuzaliwa. Hapo mwanamke alivishwa ebitinge, pete za vifundoni, na aliyezivaa alijulikana na kila amwonaye kuwa ni mke kamili.

Mambo yamebadilika. Hapo kale vijana walilinda makundi ya ng'ombe katika kambi zilizoitwa ebisarate, lakini Waingereza walizivunja mwanzoni mwa utawala wao. Mashamba yamegawanywa vipande na vipande, na malisho yamekwisha. Makanisa nayo yalileta pete ya kidoleni mahali pa pete ya kifundoni. Leo vijana wengi huanza kukaa pamoja kwa nia ya kulipa baadaye, na baadaye hiyo huwa haifiki.

Hata hivyo deni halifi. Mwanamke akifariki kwa mumewe kabla ya ng'ombe kutolewa, jamaa zake wanaweza kuzuia maziko mpaka haki yao ikabidhiwe. Jeneza hukaa likingoja huku wanaume wakihesabiana mifugo. Mama wa binti yetu alitueleza jambo hilo kwa sauti ya chini, nasi tukafahamu kilichokuwa kikimkosesha usingizi. Hakuwa na tamaa ya mali. Alihofu kwamba mwanawe angeishi ugenini kama mtu asiye na kwao wala asiye na kwake.

Tulipoketi, kijana hakunena neno. Kwao iko adabu iitwayo chinsoni, haya iliyopo baina ya kizazi na kizazi, na mkwe hamkabili mkwewe kwa maneno. Baba mzazi alitusikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Mmempa yeye. Sisi tuliomlea mmetupa nini?"

Tulimjibu kwamba sheria yetu imemwekea mwanamke mwenyewe mahari. Aya ya 4 ya Sura An-Nisaa imeamuru hivyo, na hapana baba wala mume awezaye kuyala ila kwa radhi yake. Mzee akatikisa kichwa, maana jibu lilikuwa sahihi lakini halikumfikia. Ndipo mwenzetu mmoja, mtu wa Lamu, alipomweleza desturi za nyumba zetu. Baba hupewa kilemba. Mama hupewa mkaja, nguo ya kujifunga tumbo baada ya kuzaa, na ubeleko, nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Vitu hivi si mahari, wala ndoa haisimami juu yake. Ni shukrani kwa tumbo lililozaa na mgongo uliobeba.

Mama yule aliposikia habari ya mkaja alicheka, akajifuta machozi. Baada ya hapo mazungumzo yalikuwa mepesi. Palitolewa ng'ombe na mbuzi kwa jina la kilemba, na nguo kwa jina la mkaja, pande zote zikiwa zimeelewa kwamba mahari ni ya binti na hayaguswi. Wenyeji nao wakatukabidhi mbuzi na kisu ili tuchinje wenyewe, wakatukirimu kwa obokima ya wimbi na mboga ya chinsaga, ambayo sisi twaiita mgagani. Tulipokuwa tukiaga, mzee alisema: "Sasa ana kwake."

Wapo miongoni mwetu watakaosema kwamba hayo ni mambo ya bara. Tuwaulize: je, mahari yaliyoandikwa katika vyeti vyetu yamelipwa? Katika mitaa yetu mna nyumba ngapi ambamo mahari yalitajwa kwa sauti kubwa mbele ya mashahidi, yakaahirishwa, kisha hayakutajwa tena? Fiqhi imekwisha kusema kwamba mahari yaliyoahirishwa ni deni. Mume akifa, hutolewa katika mali yake kabla ya urithi kugawanywa. Mke akitangulia, mume hubaki nalo, na warithi wa mke wana haki ya kulidai. Lakini sisi huona haya kulidai, na mjane wetu huondoka mikono mitupu. Watu wa Gusii angalau hawalisahau. Ubaya ni kwamba hulikumbuka mbele ya jeneza.

Basi kila mume asomaye maneno haya na akifungue cheti chake usiku wa leo. Akikuta deni, alilipe mkewe angali hai, kwa mkono wake, hata kama ni kidogo kidogo. Na kila kijana aoaye binti wa watu wa mbali na asiridhike na akdi peke yake. Afunge safari, apande hiyo milima, akawaamkie waliomzaa.

Wabillahi tawfiq.