KANDA ILIYOVUKA MTO RUVUMA

Atokaye Mtwara kwenda Palma, katika Jimbo la Cabo Delgado huko Msumbiji, hana budi kuuvuka Mto Ruvuma. Mimi niliuvuka mwaka 2016, wakati wa likizo yangu, kwa mashua kutoka Kilambo. Nahodha alituonya tusitie mikono majini kwa ajili ya mamba. Ng'ambo tulipanda gari la mizigo, tukapita Kionga, ile pembe ya ardhi ambayo Wajerumani waliitwaa mwaka 1894, na Wareno wakaichukua mwaka 1916. Barabara ilikuwa ya mchanga na gari lilikwama mara mbili. Jua lilikuwa likielekea kuchwa tulipoiona Ghuba ya Tungi, minazi imeizunguka, na ngalawa zimelala ubavu kwa kuwa maji yalikuwa yamekupwa.

Mtu wa pwani yetu haoni ugeni Palma. Kimwani ni ndugu wa karibu wa Kiswahili, nacho Kiswahili chenyewe husikika sokoni na barazani. Mpaka waliouchora wageni katika karne ya 19 ulizigawa koo nyingi pande mbili za mto, na ukoo wetu ni mmojawapo. Nilikwenda kumjulia hali shangazi yangu, dada wa baba, ambaye tangu kuolewa alikuwa akiishi huko.

Kasha la shangazi

Baada ya "Shikamoo" na "Marahaba, baba", na baada ya wali wa nazi na samaki, shangazi alivuta kasha la mbao kutoka uvunguni mwa kitanda. Ndani yake, chini ya kanga, mlikuwa na kanda za kaseti zipatazo 30. Baadhi zilikuwa za taarabu, nyingine za maulidi na za arusi. Lakini zile alizozifunga peke yake kwa kitambaa zilikuwa barua.

Kijana wa leo huenda asielewe kanda yawezaje kuwa barua. Kaseti ya namna ile ilitolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963. Ndani yake mna utepe wa plastiki usiofika milimita 4 kwa upana, uliopakwa unga wa chuma wenye kushika sumaku. Kanda ya dakika 60 ina utepe wa mita 90 hivi. Sauti huandikwa juu ya unga huo, na huweza kufutwa na kuandikwa upya. Katika miaka ya 1980, Msumbiji ilipokuwa vitani, babu yangu aliyekuwa Mtwara aliketi mbele ya redio kaseti, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, akasema maneno yake upande wa kwanza. Kanda ilitiwa mfukoni mwa baharia au mfanyabiashara. Huko Palma jamaa wote waliisikiliza pamoja, kisha wakajibu upande wa pili. Hata asiyejua kusoma alijiandikia barua yake mwenyewe, bila kumfunulia mwandishi siri za nyumba.

Lakini kanda zilikuwa ghali. Moja ilikwenda na kurudi mara nyingi, na kila jibu lilifuta lililotangulia. Iliyonusurika ni ile ambayo shangazi alikuwa ameivunja vijimeno viwili vya plastiki vilivyo ukingoni, ili mashine isiweze kurekodi juu yake tena.

"Hii ndiyo ya mwisho ya baba," aliniambia.

Redio yake ilikuwa imekufa siku nyingi. Aliniomba niichukue kanda hiyo Mtwara, nitafute fundi, nimrudishie sauti ya baba yake. Nilikubali. Nilipofika nyumbani niliitia katika droo ya meza, nikasema nitaishughulikia mwisho wa mwezi. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Miisho mingi ya mwezi ilikuja ikapita.

Vita yafika Palma

Tarehe 5 Oktoba 2017 wapiganaji waliushambulia mji wa Mocímboa da Praia, kusini ya Palma. Agosti 2020 waliuteka, ukakaa mikononi mwao muda wa mwaka mmoja. Tarehe 24 Machi 2021 ilikuwa zamu ya Palma yenyewe, jirani na mradi wa gesi wa Afungi. Maelfu ya watu walikimbia kwa miguu kupitia porini na kwa vyombo vya baharini. Shangazi alitoka na wajukuu wawili na sufuria moja. Kasha lilibaki uvunguni, na nyumba iliungua.

Aliponipigia simu kutoka Pemba, makao makuu ya jimbo hilo, hakuuliza habari ya kanda. Mimi ndiye niliyeikumbuka, nami niliona haya kusema kwamba ilikuwa ingali drooni baada ya miaka mitano.

Fundi wa kwanza alicheka. Wa pili alikuwa na mashine, lakini mpira wake wa kuzungushia ulikuwa umeoza. Wa tatu, mtu wa makamo, aliielekeza kanda kwenye mwanga, akaona ukungu mweupe, akakataa kuicheza. Aliifungua, akausafisha utepe kidogo kidogo kwa pamba na spiriti, akauhamishia katika ganda la kaseti nyingine. Kazi hiyo ilimchukua siku mbili. Ndipo akaiunganisha redio kaseti na kompyuta kwa waya, akarekodi ilipocheza mara ya kwanza, asingojee ya pili.

Kwanza palikuwa na mvumo, kisha jogoo, kisha babu alikohoa. Akawasalimu watu mmoja mmoja kwa majina. Akaeleza kuwa minazi iliyo kati ya kisima na njia ya pwani ni ya binti yake, na kwamba asije mtu akamwondoa pale. Maneno hayo hayakuwa yameandikwa mahali pengine popote, na shangazi alikuwa amekimbia bila karatasi hata moja.

Nilimpelekea kwa simu ya mjukuu wake. Kesho yake nilipokea sauti yake: "Nimemsikia, baba. Sasa mimi najibu upande wa pili." Akasema kwa dakika kumi na moja.

Yatupasayo nyumbani

Katika ofisi moja niliyopata kufanyia kazi mna boksi la disketi ndani ya kabati. Disketi zilitolewa na kampuni ya IBM mwaka 1971. Ile ndogo tuliyoizoea ilichukua megabaiti 1.44 tu, ambazo mara nyingi hazitoshi picha moja ya simu ya leo, na Sony iliacha kuziuza mwaka 2011. Disketi zile hazikuibwa wala hazikuungua. Zipo, ila hakuna mashine ya kuzisoma. Kwa upande mwingine, huko Maputo zimehifadhiwa barua ambazo watawala wa pwani ya kaskazini waliwaandikia Wareno katika karne ya 19, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Aliyefundishwa herufi hizo azisoma hata leo. Basi kutunza chombo peke yake hakutoshi, lazima pia tumtunze awezaye kukisoma.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ikiwa unazo kanda nyumbani, ziweke mahali pakavu, mbali na jua na spika kubwa. Utepe uliolegea ukaze kwa kuzungusha penseli katika tundu. Yenye ukungu usiicheze kabla ya kusafishwa. Inakili katika kompyuta mapema, uweke nakala mahali zaidi ya pamoja, na uandike jina, mahali na mwaka. Isikilize pamoja na mzee akutajie ni nani anayesema. Mali bila daftari huisha bila habari.

Shangazi anasema kwamba siku amani itakapotimia Palma atarudi kuihesabu minazi yake. Orodha anayo sasa, kwa sauti ya aliyeipanda.