Kilichopakwa Rangi na Kinachowaka

Kiswahili kina ukaidi wake. Treni za mvuke ziliacha kazi kwenye reli za huku kabla mimi sijazaliwa, lakini watu bado wanasema gari la moshi. Hata hii ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma nimesikia mama mmoja akiiita gari la moshi, na haina moshi hata wa kijiko.

Mimi nafuatilia yale yenye moshi wenyewe, yaliyobaki. Naandika namba ya kichwa, kiko wapi, kiko katika hali gani. Vijana ninaofanya nao kazi hapa Kakuma wananiita Mzee wa Treni na bado sijafika miaka thelathini. Sababu iko nyumbani. Kwetu ni Kalemie, na Kalemie ni mji wa reli: njia ya kutoka Kabalo ilifika pale ziwani mwaka 1915, mji ukiwa bado unaitwa Albertville. Nkambo yangu, ndivyo tunavyomwita babu, alikuwa mtu wa reli. Alifariki nikiwa mdogo, akaacha kofia na maneno machache ya kazi ambayo hakuna mtu nyumbani aliyejua maana yake. Hayo maneno ndiyo yaliyonianzisha.

Vya Kongo ni vigumu kuvifuatilia ukiwa mbali. Kwa hiyo nilianza na vilivyo karibu, Nairobi.

Pale Nairobi, kwenye Makumbusho ya Reli karibu na stesheni kuu, kuna kichwa namba 5918. Kina jina pia: Mount Gelai. Ni cha aina inayoitwa Garratt, yaani boila moja kubwa imebebwa katikati, mbele kuna magurudumu na pistoni zake, nyuma kuna magurudumu na pistoni nyingine, ili kitu kirefu namna hiyo kiweze kujipinda kwenye kona kama jongoo. Magurudumu 28. Uzito wake ni kama tani 252. Kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester, Uingereza, ilitengeneza 34 vya namna hiyo mwaka 1955 na 1956 kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki, na kwenye reli ya upana wa mita moja haijawahi kutokea duniani injini ya mvuke yenye nguvu kuvishinda. Kazi yao ilikuwa kupandisha treni za tani 1,200 kutoka Mombasa, usawa wa bahari, mpaka Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu. Havikuchoma kuni wala makaa. Vilichoma mafuta mazito.

Vyote 34 vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Gelai uko Tanzania, karibu na Ziwa Natron, mahali ambapo reli haijafika mpaka leo. Kwa hiyo kichwa kimebeba jina la mlima ambao hakijawahi kuuona. Nilipowaeleza vijana hivyo, mmoja aliyezaliwa hapa hapa kambini akasema, "Kama mimi na Bujumbura." Tulicheka, halafu tukanyamaza kidogo.

Kati ya hivyo 34 vimebaki viwili: 5918, na 5930 kinachoitwa Mount Shengena, mlima wa Upareni. Vingine viliondolewa kazini katika miaka ya 1970 mpaka 1980 na mwisho wake ukawa chuma chakavu. Vitu vyenye nguvu kuliko vyote vya aina yake, vimekatwa vipande kama debe.

Makumbusho yale yalianzishwa mwaka 1971, wakati vichwa vya mvuke bado vinavuta mizigo. Hilo nalipenda sana. Watu wengi wanakumbuka kutunza kitu kikishakufa; hapo mtu alifikiri mapema. Miaka sita baadaye, 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, reli ikagawanywa kati ya nchi tatu, na kilichokuwa Nairobi kikabaki Nairobi. Ndiyo maana kichwa namba 3020 kinachoitwa Nyaturu, jina la watu wa Singida, kiko Kenya na hakuna anayekidai. Kulikuwa na aina nyingine ya Garratt, ya 60, iliyopewa majina ya magavana wa kikoloni. Baada ya uhuru majina hayo yaling'olewa, namba zikabaki. Milima haikumkera mtu, ikaachwa.

Mwaka juzi nilipata kibali cha kwenda Nairobi kwa mafunzo ya kazi, na mchana mmoja nikajipenyeza kwenda pale. Wale mnaofanya kazi na mashirika mnaingia na kutoka mnavyotaka, kwa hiyo nawaomba mkipita Nairobi mwende, ni karibu tu na mjini. Vichwa vingi vimesimama nje, kwenye reli zao, majani yakiota katikati ya mataruma. Nilizunguka 5918 mara tatu. Magurudumu yenyewe si makubwa sana, yananifika kifuani. Kinachotisha ni urefu: unatembea, unatembea, na bado ni kitu kilekile.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba rangi inadanganya. Kichwa kilichopakwa rangi juzi kinaweza kuwa kimeoza ndani, na kichwa chenye kutu nje kinaweza kuwa boila yake ni nzima. Adui wa kwanza ni mvua. Inaingia kwenye bomba la moshi, inakutana na masizi ya zamani, na masizi yakilowa yanatoa kitu kama asidi kinachokula chuma taratibu. Ndiyo maana mtu mwenye akili anafunika bomba la moshi kabla hajanunua rangi. Adui wa pili ni ukoko. Maji yakichemka yanaacha chokaa ndani ya boila, kama ule weupe unaouona kwenye sufuria ya chai hapa kwetu, na ukoko huo unazuia joto lisiende kwenye maji. Chuma kinaungua chenyewe. Ndani ya boila kuna mirija mingi ambayo moshi wa moto unapita huku maji yameizunguka, na mrija mmoja ukitoboka kazi imesimama. Ukitaka kuwasha tena baada ya miaka, lazima boila ifunguliwe, mirija itolewe, unene wa bati upimwe, kisha ijazwe maji baridi na kusukumwa kwa presha kubwa kuliko ya kazini. Ikivuja maji, umelowa tu. Ikipasuka na mvuke, mnazikwa.

Na vipuri utapata wapi? Kiwanda cha Beyer, Peacock kilifungwa mwaka 1966. Kila kitu ni kuchonga mwenyewe. Pamoja na hayo, mwanzoni mwa miaka ya 2000 mafundi wa Nairobi walikiwasha tena 5918, kikatoka kuvuta treni za safari maalum, na Nyaturu nayo ilirudishiwa moto. Kwa hiyo mimi naandika kwa safu tatu: kilichokatwa, kilichosimama, kilichowahi kuwashwa tena. Orodha nyingine nilizoziona zinaandika tu "kimehifadhiwa". Neno hilo halinitoshi. Kimehifadhiwa vipi? Sisi watu wa kambini tunajua kwamba jina kuwa kwenye orodha ni jambo moja, na kula ni jambo lingine.

Siku niliyoleta picha kwenye kikundi chetu, binti mmoja wa Bukavu aliniuliza swali ambalo bado linanisumbua. Alisema, "Kaka, hela ya kuwasha hicho chuma ingetengeneza maji ya bloku ngapi?" Hakuna mtu aliyecheka. Wiki hiyo bomba letu lilikuwa kavu siku mbili. Nilimjibu vibaya vibaya kuhusu historia, akaniangalia tu.

Sasa ningemjibu hivi. Kwa rangi, ana haki. Kupaka rangi chuma kilichokufa ili watu wapige picha, mimi pia ningechagua maji. Lakini kichwa kinachowashwa ni shule. Ili kiwake lazima awepo mtu anayejua boila, mwingine wa kuchonga shaba, mwingine wa kusikia pistoni ikikosea, na lazima wawe na vijana wanaowatazama mikono. Siku wasipokuwepo, boila inaweza kuwa nzima na kichwa kisitembee tena kamwe.

Eritrea walionyesha hili kuliko mtu yeyote. Reli ya kutoka Massawa ilifika Asmara mwaka 1911, kilomita kama 118, ikipanda kutoka baharini mpaka zaidi ya mita 2,300. Vita ikaiua. Reli na mataruma yaling'olewa yakajengea mahandaki. Baada ya uhuru wa mwaka 1993 serikali iliamua kuijenga upya, na makadirio ya makampuni ya nje yalikuwa makubwa mno. Wakaita wazee wao. Watu waliokuwa wamestaafu, wengine na miaka zaidi ya sabini, walirudi karakana ya Asmara. Walikusanya reli kutoka kwenye mahandaki, wakanyoosha zilizopinda, wakafufua vichwa vya Kiitaliano vya miaka ya 1930 kwa vipuri walivyochonga wenyewe. Mwaka 2003 njia ikafika tena Asmara. Hawakuwa na kitabu kizuri. Walikuwa na wazee ambao bado wanakumbuka.

Niliposoma habari hiyo nikaanza kuuliza kwenye bloku zetu: nani hapa aliwahi kufanya kazi ya reli?

Alipatikana mzee mmoja wa Kongo, mtu wa upande wa Kabalo. Jina lake nalihifadhi kwa sababu ameomba hivyo. Yuko hapa miaka mingi, na kwenye karatasi zote alizojaza, sehemu ya kazi imeandikwa "mkulima", kwa sababu fomu ya siku ile ilikuwa na kazi chache za kuchagua. Alianza reli akiwa kijana wa kupanga kuni, kwa sababu vichwa vyao vilichoma kuni, akapanda akawa wa kulisha moto, akamaliza akiwa mashinisti.

Nilimpelekea video ya 5918 kwenye simu. Macho yake hayaoni vizuri tena, akaiweka simu sikioni kama anapigiwa. Alisikiliza, akaniambia nirudishe nyuma. Halafu akasema, "Hiyo haiko moya, mutoto wangu. Iko mbili. Sikiya."

Nikasikiliza. Ule mlio wa pumzi, cha-cha-cha-cha, unakwenda pamoja, halafu polepole unaachana, unakuwa kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja, halafu unarudi pamoja. Ni zile seti mbili za pistoni za Garratt, hazifungamani, kila moja inakwenda na mwendo wake. Nilikuwa nimeitazama video ile labda mara hamsini na sikuwahi kusikia. Yeye hakuwahi kuona Garratt maishani mwake.

Tangu siku ile tunakutana naye Alhamisi, mimi na vijana saba, wanne kati yao ni wa kozi ya kuchomelea. Kozi ile inafundisha madirisha na milango, cheti kinapatikana, hakuna ubaya. Lakini mzee amewafundisha kugonga chuma kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Ndani ya boila kuna fito nyingi fupi zinazoshikilia bati lisivimbe. Nzima inalia kengele, iliyokatika inalia bovu. Wakajaribu kwenye mlango walioutengeneza wenyewe. Mshono mmoja ulilia bovu, wakaukata, ndani kulikuwa tupu. Amewaeleza pia kizibo cha risasi kilichofungwa juu ya chumba cha moto: maji yakipungua kizibo kinakosa cha kukipoza, risasi inayeyuka, mvuke unamwagikia moto kwa kelele, na mashinisti anajua ana dakika chache. "Hiyo ndiyo polisi wa boila," anasema. "Haikule rushwa."

Anasema bila mpangilio. Leo breki, kesho jinsi mzungu mmoja alivyoogopa nyoka kwenye behewa la kuni. Tunarekodi kwa simu, kisha msichana wa Bukavu, yuleyule wa swali la maji, ndiye anayeandika, kwa sababu mwandiko wake unasomeka. Hajasema kama amebadili mawazo, nami sijamuuliza. Sikio la kushoto la mzee limeshakufa, na la kulia anasema linazidi kupungua, kwa hiyo tumeanza na yale ya kusikia. Ya macho yatafuata.

Alhamisi iliyopita tulifika kwenye kuwasha. Boila baridi haiharakishwi, alisema, hata kama bwana mkubwa wa stesheni anapiga kelele. Ukiwasha moto mkali upande mmoja wa chuma unapanuka na mwingine bado umelala, na hapo ndipo mishono inafunguka. Kuni nyembamba kwanza, kavu. Angalia kioo cha maji kabla ya kugusa kiberiti, usimwamini aliyekuachia zamu. Moto mdogo usiku kucha, mtu mmoja akilala karibu. Asubuhi ukisikia boila inaanza kuimba kidogo, ongeza.

Aliulizwa ni saa ngapi mpaka itembee. Akasema inategemea, akaomba chai.