Nyumba Yenye Taa Usiku



Wiki hii ambayo Kanisa linawakumbuka waamini marehemu wote, napenda kuwashirikisha jambo ambalo nimekaa nalo tangu mwaka 2019. Mwezi Juni mwaka huo nilikuwa California, nchini Marekani, nikizunguka katika parokia za huko kuomba msaada kwa ajili ya utume wetu. Familia moja iliyonikaribisha ilikuwa na watoto watatu, nao waliona ni aibu kubwa padre kutoka Tanzania kurudi kwao bila kuiona Disneyland. Basi siku moja ambayo sikuwa na Misa ya jioni tulikwenda Anaheim. Tulitembea mno, jua lilikuwa kali, na bei ya chakula cha mchana sitaitaja hapa, maana wapo wasomaji wangu wanaosomesha watoto.

Kati ya yote niliyoyaona nitawasimulia moja tu, nalo linaitwa Haunted Mansion, yaani nyumba ya mizuka. Kwa nje ni nyumba nyeupe, nzuri, yenye nguzo na baraza za juu, kama zile za matajiri wa zamani wa kusini mwa Marekani. Ilikamilika kwa nje mwaka 1963, lakini ikakaa tupu miaka sita, kwa kuwa kazi nyingine ziliingilia kati, na tena wabunifu hawakuafikiana kama iwe nyumba ya kutisha au ya kuchekesha. Walt Disney mwenyewe alifariki Desemba 1966 bila kuiona ikifunguliwa. Ilifunguliwa tarehe 9 Agosti 1969. Wenyewe hutangaza kwamba humo wanaishi mizuka 999, na kwamba imebaki nafasi ya mmoja ili watimie elfu.

Unapoingia, unasimamishwa pamoja na wenzako katika chumba cha pembe nane kisicho na dirisha. Mlango unafungwa, kuta zinaanza kurefuka, na picha zilizotundikwa zinarefuka nazo. Kumbe sakafu inashuka taratibu kama lifti huku dari likibaki mahali pake. Ghafla taa zinazimika, radi inapiga, na juu kabisa unamwona mtu aliyejinyonga. Watoto wakapiga kelele, kisha wakacheka. Hapo mimi sikucheka. Nimekwisha kuitwa mara mbili usiku katika nyumba zenye msiba wa namna hiyo, na macho yangu yalitafuta mlango kabla sijakumbuka nilikuwa wapi.

Baada ya hapo unapanda kigari cheusi chenye umbo la kombe la chaza, nacho kinakupeleka gizani polepole, kikigeuka chenyewe kila palipo na kitu cha kutazama. Nakiri kwamba nilifurahi. Kuna ukumbi mkubwa ambamo wafu wanacheza dansi. Unawaona, na unaona viti kwa kupitia miili yao. Hiyo ni hila ya zamani, ambayo Pepper, mwalimu wa sayansi wa London, aliionyesha kwa watu mwaka 1862: bamba kubwa la kioo linasimamishwa kati yako na ukumbi, sanamu zinafichwa mahali penye giza usipopaona, na taa ikiziangukia, kivuli chao kinatokea kwenye kioo kana kwamba wamo ukumbini. Kwa kuwa kioo hugeuza kulia kuwa kushoto, katika dansi ile wanawake ndio wanaowaongoza wanaume. Mama mwenye familia ndiye aliyenionyesha hilo, tena kwa furaha iliyozidi kidogo.

Mwishoni kuna makaburi. Wafu wametoka, wanaimba, wanapiga vyombo, wanakunywa chai. Katikati ya karamu hiyo yupo mtu mmoja tu aliye hai, mlinzi wa makaburi, mwenye taa mkononi na mbwa wake aliyekonda kando yake. Wote wawili wanatetemeka. Halafu kigari kinapita mbele ya kioo, nawe unajiona umekaa na mzuka ubavuni.

Tulipotoka, yule mtoto wa mwisho, mwenye miaka minane, aliniuliza: “Padre, kwenu Afrika mna nyumba za namna hii?” Nikamjibu mara moja, “Hapana, kwetu hatuna.” Akaridhika, tukaenda kununua maji. Usiku ule sikupata usingizi hadi karibu na alfajiri, kwa sababu nilikuwa nimemjibu mtoto neno ambalo si kweli.

Sisemi juu ya makaburi. Mtoto yule angeshangaa kusikia kwamba sisi Wahaya tunawazika wapendwa wetu katika kibanja, migombani, hatua chache kutoka mlangoni, na kwamba watoto hucheza pale na kuku huparua pale. Kaburi la babu halimtishi mjukuu anayekwenda kukata ndizi. Wazee wetu walikuwa na hofu zao juu ya emizimu, na walimtaja Wamara kuwa mfalme wa wafu, lakini hata hofu hiyo ilikuwa ya watu wa nyumba moja wanaofahamiana. Hata mifupa tunaijali: mwaka 2012 tulimhamisha Kardinali Rugambwa kutoka Kashozi, alikokuwa amepumzika tangu mwaka 1997, tukamleta katika Kanisa Kuu la Bukoba kwa heshima zote. Kinyume chake, mwaka 2018 gazeti la Wall Street Journal liliandika kwamba wapo watu wanaoingia Disneyland kwa siri na majivu ya ndugu zao na kuyamwaga, hasa katika nyumba ile ile ya mizuka, nao wafanyakazi huyafyonza kwa mashine. Mama Kanisa katika waraka wake wa mwaka 2016 anakataza majivu ya marehemu kutawanywa. Hata hivyo sikuweza kuwacheka watu hao. Mtu asiye na kibanja atampeleka wapi baba yake? Anampeleka mahali walipocheka pamoja.

Ninayoisema ni nyumba nyingine. Vijana wanaonisoma huenda hawajui ilivyokuwa. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini mwetu walitambuliwa hapa Kagera mwaka 1983. Kabla jina hilo halijazoeleka watu waliita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la nguo za fasheni zilizovushwa kutoka Uganda. Utafiti wa mwaka 1987 ulikuta maambukizi kwa watu wazima wapatao 24 katika kila 100 mjini Bukoba. Kwetu Kanazi hatukuhitaji utafiti. Tulihesabu milango iliyofungwa.

Mmoja ulikuwa wa nyumba ya bati, nzuri, iliyojengwa kwa fedha ya biashara, kando ya njia ya kwenda kisimani. Baba alifariki, mama akafuata kabla ya mwaka kwisha. Binti mdogo alichukuliwa na shangazi yake kijiji cha mbali, na kaka yake, kwa jinsi tulivyoambiwa, alikwenda naye. Mapazia yalibaki madirishani. Haukupita muda ikasemwa kwamba usiku kuna mwanga ndani, na sauti ya vyombo. Watu wakaanza kuzunguka kwa njia ya juu, japo ni ndefu.

Desemba 1989 nilikuwa likizo kutoka seminari ndogo, kijana wa miaka 17 aliyejiona msomi. Bibi yangu alinituma kwa jirani jioni, nikachelewa, nikasema moyoni kwamba mseminari haogopi mizimu, nikapita njia ya chini. Mwanga ulikuwapo. Ulikuwa mdogo, mwekundu, nyuma ya pazia, na nilipousimamia kuutazama, ukazimika. Nilikimbia, ndala yangu ya mguu wa kulia ikabaki matopeni. Nyumbani nilisema imekatika. Shuleni nilisimulia kisa chote kwa kuongeza chumvi, na kwa miaka mingi, hata nikiwa padre, nilikisimulia mezani, watu wakacheka sana.

Baada ya kurudi kutoka Marekani nilikwenda nyumbani Kanazi mwezi Novemba kubariki makaburi ya wazazi wangu. Mtu mmoja akaniomba nipite na kwake. Nilimfuata, na tulipokata kona nikaitambua nyumba. Bati limebadilishwa, ukuta ule ule. Makaburi mawili yamesakafiwa kwa saruji, yamefagiwa. Nikabariki. Kisha mkewe akatuletea kahawa, nami nikamwuliza alihamia lini.

“Sikuhama, Padre,” akasema.

Alikuwa na miaka 12. Mchana alikuwa kwa shangazi, na jioni alitembea peke yake kurudi kulala katika nyumba ya baba yake, kwa sababu baba alimwambia kabla ya kufa kwamba nyumba isiachwe tupu, ndugu wasije wakakitwaa kibanja. Alipika maharage usiku ili moshi usionekane. Aliwasha koroboi. Alifanya hivyo karibu miaka miwili.

Nilisema kwamba nasikitika, kwamba kijiji kizima tulimwogopa mtoto. Akatikisa kichwa. “Waitu Padre, ile mizimu ndiyo iliyonisaidia. Baba yangu mdogo alikuja mara moja na watu wa kupima mipaka, akaambiwa habari za usiku, hakurudi tena. Mngejua kwamba ni mimi, ningenyang'anywa.” Akanyamaza, akaongeza kahawa kikombeni mwangu bila kuniuliza. “Lakini na mimi nilikuwa naogopa. Nilikuwa nasikia miguu ya watu wakikimbia kule njiani. Nilidhani ni wezi, nazima taa, nakaa nyuma ya mlango na panga la baba, mpaka kukuche.”

Hapo nilimwambia kwamba miguu mmojawapo ulikuwa wangu, Desemba 1989. Alinitazama kwa muda. Nilidhani atakasirika, na angekuwa na haki.

“Mwenye ndala?” akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

“Niliiokota asubuhi,” akasema. “Nikaiosha, nikaitundika kwenye mti wa kahawa pale njiani, mwenyewe akipita aione, na mimi nimjue. Ilikaa pale mpaka masika.”