Mtungi Uliozikwa

Chombo cha udongo kisichopakwa kitu hakiwezi kuficha maji yake. Kila mwenyeji wa nchi ya joto ajua kuwa mtungi huota jasho. Maji hupenya polepole katika vinyweleo vya udongo uliochomwa, hufika nje, hugeuka mvuke, na katika kwenda kwake huchukua joto. Ndiyo sababu maji ya mtungini huzizima adhuhuri, hali yale ya debe la bati yana uvuguvugu. Jasho hilo likitoka hewani, mwenye kiu hupata kinywaji kizuri. Likitoka ardhini, mzizi hupata chakula chake. Tofauti ni mahali mtungi ulipowekwa, pembeni mwa mlango au ndani ya shimo.

Jambo hili si geni. Katika karne ya 1 kabla ya Kristo, huko China, Fan Shengzhi aliwaeleza wakulima namna ya kupanda matikiti kwa mtungi uliozikwa. Kitabu chake kilipotea, lakini vipande vyake vilihifadhiwa katika kitabu kingine cha karne ya 6. Aliagiza shimo litiwe samadi iliyochanganywa na udongo, mtungi wa takriban lita 6 uzikwe katikati, mdomo wake ulingane na ardhi, ujazwe maji, mbegu 4 zipandwe kuuzunguka, kisha ufunikwe kwa kigae, na kila maji yapunguapo yaongezwe. Mkulima wa leo akipewa maneno hayo peke yake hakosi njia.

Mahali pa kuupima ubora wa ushauri huo ni kama Dodoma. Mvua ya huko ni milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, nayo hunyesha katika msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili. Miezi iliyosalia ni ya vumbi na upepo. Bustani ya nyumbani katika nchi ya namna hiyo ina gharama, na aghalabu mlipaji ni mwanamke au mtoto mwenye kujitwika maji. Debe moja lina uzito wa kilo 18 au zaidi. Likimwagwa juu ya tuta wakati wa jua kali, sehemu kubwa hurudi angani kabla ya mzizi kupata habari, na sehemu nyingine huotesha magugu, ambayo mtu yule yule aliyechoka kwa kuteka atachoka tena kwa kuyang'oa. Hapana haja ya kumhubiria mtu huyo thamani ya maji. Shingo yake yaijua.

Mtungi uliozikwa huifanya safari yake isiwe ya bure. Maji hutoka chini ya uso wa ardhi, mahali mizizi ilipo, na uso hubaki mkavu, hata magugu huwa machache. Ajabu zaidi ni kipimo chake. Henry Darcy, mhandisi Mfaransa, alionyesha mwaka 1856 kuwa wingi wa maji yapenyayo katika mchanga hufuata tofauti ya kimo cha maji baina ya upande mmoja na mwingine. Katika mtungi jambo la pili huungana na hilo: udongo mkavu wa nje huvuta maji kwa nguvu, na ulioshiba huvuta kidogo. Kwa hiyo mmea ukinywa sana, mtungi hutoa sana. Mvua ikinyesha, mtungi hupunguza utoaji wake bila ya kuamriwa na mtu. Methali husema haba na haba hujaza kibaba. Hapa haba na haba humwaga mtungi, wala hapana hasara.

Kazi ya kuuweka ni ndogo, lakini ina masharti. Mtungi mpya hujazwa maji na kuachwa siku moja. Usipopata unyevu nje, haufai. Shimo hupaswa kuwa pana kuliko mtungi. Udongo uliochanganywa na samadi hurudishwa na kushindiliwa kwa mkono mpaka uguse ubavu wa mtungi pande zote, maana pakiwa na pengo maji hayavuki. Shingo huachwa ichomoze kidogo ili mchanga usiingie. Mbegu hupandwa karibu na shingo, nazo humwagiliwa kwa mkono mpaka ziote, kwa kuwa kichipukizi hakina mzizi wa kufikia jasho. Kifuniko ni lazima. Mtungi wazi ni nyumba ya mbu, na nyanya za bure si malipo ya homa.

Wala si kila mmea upendao hali hii. Boga, tikiti, nyanya, bilingani na pilipili huneemeka. Mchicha uliotawanywa juu ya tuta zima hautanufaika, ila ule ulio karibu na mtungi. Mti mkubwa huweza kuupasua mtungi kwa mizizi yake, ingawa mche mchanga hupata mlezi mwema. Maji yenye matope huziba vinyweleo, na maji ya chumvi, kama ya visima vingi vya nchi ya kati, huacha ukoko mweupe. Mtungi wa namna hiyo hufukuliwa mwisho wa msimu, ukasuguliwa kwa brashi na kukaushwa.

Kuna na upande wa mfinyanzi. Wanawake wa Kikisi, katika mwambao wa Ziwa Nyasa karibu na Matema, wana sifa kubwa ya vyungu, lakini ndoo ya plastiki imewanyang'anya wafinyanzi wengi wa Afrika Mashariki wanunuzi wa mitungi ya maji. Mwenye bustani aweza kuwa mnunuzi mpya, ila ombi lake ni la ajabu kidogo. Ataka chombo kisicholainishwa kwa kokoto, kisichong'aa, chenye ubavu wa kupenyeza. Yaani kile ambacho fundi angeona haya kukipeleka sokoni. Yafaa waelewane bei mapema. Mtungi uvunjikao shambani nao hautupwi: tako lake hufunika mdomo wa mwingine.