Laptopu ya mtoto, monita ya mama

Nyumba nyingi za mjini zina kona ya vitu ambavyo havijafa ila havitumiki. Televisheni ya chogo, redio ya kaseti iliyopoteza mlango, simu ya mezani iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kana kwamba kuna siku itaita. Kwa mama mmoja wa Morogoro, mwenye umri wa miaka 61, kona hiyo ilikuwa na monita ya kompyuta ya inchi 17, na ndiyo iliyomkosanisha kidogo na mwanawe wa kwanza.

Mama huyo alikuwa katibu muhtasi. Mwaka 2007, akiwa bado kazini, alinunua kompyuta ya mezani ili jioni awachapie watu barua na ripoti. Alipostaafu, kazi ya pembeni ikawa ndiyo kazi. Wanafunzi wa vyuo humletea tafiti zao zikiwa zimeandikwa kwa mkono, naye huchapa kwa Sh 500 kila ukurasa. Fedha hiyo ndiyo inayonunua madaftari, sare na nauli ya mtoto wa mwisho, aliye kidato cha tatu.

Siku moja umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, na ile CPU, kama wengi wanavyoliita boksi la kompyuta, ikazima moja kwa moja. Mtoto wa kwanza, anayefanya kazi Dodoma, alijinyima miezi minne akamnunulia laptopu mpya. Mama alishukuru, akamwombea dua, akaanza kazi.

Wiki mbili baadaye shukrani ilikuwa palepale lakini kazi ilikuwa inamponyoka. Kioo cha laptopu kilikuwa cha inchi 14, kipana lakini kifupi. Alipokuza herufi, ukurasa ulionekana nusu tu. Alipozipunguza ili auone wote, alilazimika kuinamisha shingo kama mtu anayechambua mchele. Mwanafunzi mmoja alirudisha kazi yenye mistari miwili iliyorukwa. Mwingine hakurudi kabisa, akaenda stesheneri ya jirani.

Ndipo mama akamuuliza mwanawe, aliyekuwa amekuja likizo, kama ile monita ya zamani haiwezi kuchomekwa kwenye laptopu.

"Mama, hiyo ni ya kuwapa watu wa vyuma chakavu," alijibu.

Hakuwa na kiburi. Mtu aliyejinyima miezi minne, kisha akasikia mama yake anaulizia kile cha zamani, lazima kimchome. Na mama naye hakudharau zawadi, alihesabu kurasa. Mambo kama haya huharibika kimyakimya ndani ya familia, kwa sababu kila mmoja anadhani mwenzake anazungumzia mapenzi wakati yeye anazungumzia macho.

Hata hivyo mtoto alijaribu. Aligeuza monita, akakuta waya wenye plagi ya buluu, ile ya VGA, yenye nafasi 15 za pini katika safu tatu. Plagi hiyo ilianza na kompyuta za IBM mwaka 1987, na kwa zaidi ya miaka 20 karibu kila kompyuta ilikuwa na tundu lake. Mwisho wake ulitangazwa Desemba 2010, pale kampuni kubwa, zikiwemo Intel, AMD, Dell na Lenovo, ziliposema zitaiondoa hatua kwa hatua katika miaka iliyofuata. Laptopu ya Dodoma haikuwa na tundu hilo. Ilikuwa na HDMI tu.

Kwanza aliona pini moja ya katikati haipo, akatangaza kwamba plagi imevunjika. Haikuvunjika. Plagi nyingi za VGA hutengenezwa bila pini ya tisa, na picha hutoka vizuri bila hiyo. Ni watu wangapi wametupa waya mzima kwa ajili ya pini ambayo haikuwahi kuwepo?

Kisha alinunua waya wa bei ndogo, upande mmoja HDMI, upande wa pili VGA. Ulichomeka kwa raha pande zote mbili. Picha haikuja.

Hapa ndipo wengi hutoa hukumu kwamba monita imekufa, kumbe tatizo ni lugha. VGA hupeleka picha kwa umeme unaopanda na kushuka katika nyaya tatu: ya rangi nyekundu, ya kijani na ya buluu. Ukipanda, rangi hiyo inang'aa, ukishuka, inafifia. HDMI haifanyi hivyo, yenyewe hutuma tarakimu. Kuziunganisha kwa waya mtupu ni kama kumkalisha bibi wa Kimakonde na bibi wa Kihaya kwenye benchi moja, kila mmoja akijua lugha ya kwao tu, halafu ukategemea benchi itafsiri. Kinachotakiwa ni adapta yenye kifaa cha kutafsiri ndani yake.

Mara ya pili akaleta kiboksi kilichoandikwa "VGA to HDMI". Nacho kikagoma. Adapta hizi ni za njia moja, na jina husomwa kuanzia picha inakotoka kwenda inakofika. Hicho kilikuwa cha mwenye kompyuta ya zamani na kioo kipya; wao walikuwa na kinyume chake. Dukani vinapangwa rafu moja na vinafanana kama mapacha. Likizo ikaisha, kijana akarudi Dodoma amenuna, na vifaa viwili visivyo na kazi vikabaki kwenye kopo la vifungo.

Mama alibeba monita kwenye bodaboda, akaikumbatia mapajani, mpaka kwa fundi karibu na stendi. Fundi alimwamkia shikamoo, akaipokea, na kabla ya kuuza chochote aliichomeka kwenye kompyuta yake ya zamani. Ikawaka. Hilo ndilo jambo ambalo lilipaswa kufanywa siku ya kwanza, kwa sababu monita ambayo taa zake za ndani zimekwisha haiokolewi na adapta yoyote. Kisha akauliza picha inatoka wapi na inakwenda wapi, akampa adapta ya HDMI kwenda VGA kwa Sh 15,000. Mama alipiga hesabu hapohapo: kurasa 30.

Nyumbani kioo kiliwaka, kikaandika kwamba picha iko nje ya uwezo wake, kikawa cheusi. Mama alimpigia mwanawe simu. Kijana alitulia sekunde chache, kisha akasema, "Subiri mama, usichomoe kitu." Laptopu ilikuwa inatuma picha pana ya nukta 1920 kwa 1080, wakati monita za inchi 17 za miaka ile, zile zinazokaribia umbo la mraba, kwa kawaida zina nukta 1280 kwa 1024. Alimwelekeza abonyeze kitufe cha Windows pamoja na herufi P, achague kutandaza picha kwenye vioo viwili, kisha kwenye mipangilio apunguze kipimo cha kioo cha pili.

Picha ikaja, herufi zikiwa na ukungu. Akamwambia afungue ukurasa uliojaa maandishi, halafu abonyeze kitufe cha "Auto" kwenye monita yenyewe, ili ijipime upya na mawimbi inayopokea. Kioo kilitetemeka kidogo, kikatulia.

"Unaona nini, mama?"

"Naona herufi, baba. Zote."

Simu iliendelea dakika 20 nyingine, na sehemu kubwa haikuhusu kompyuta. Kijana alitaka kujua lini mara ya mwisho mama alipimwa macho, na swali hilo lilikuwa la maana kuliko adapta, maana kioo kikubwa si miwani. Mama alikwenda kupimwa mwezi uliofuata na lenzi zikabadilishwa.

Isingekuwa hivi kama monita ingekuwa ya chogo. Zile hula umeme mwingi, ni nzito, na ndani yake umeme mkali unaweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya, hivyo si za kufunguliwa sebuleni na kijana mwenye bisibisi.

Sasa mama ana vioo viwili. Kwenye laptopu huweka picha za kurasa zilizoandikwa kwa mkono, anazotumiwa kwa simu na wanafunzi walio mbali. Kwenye monita huchapa. Yule aliyekwenda stesheneri amerudi na sura ya nne. Anayelalamika ni mtoto wa kidato cha tatu. Jumamosi aliivizia monita ili aone filamu, akakuta haina sauti kwa sababu VGA haibebi sauti, na filamu yenyewe, yenye ulinzi wa hakimiliki, ikakataa kuonekana kupitia adapta. Mama alimsikia akihangaika na nyaya, akaendelea kumenya viazi.