Picha ya mashetani na swali la binti wa miaka 9

Mama mmoja wa Nyantakara, wilayani Biharamulo, alinionyesha picha kwenye simu yake. "Dada, wewe ni mwandishi wa afya. Huu si uchafu?" Binti yake wa miaka 9 alikuwa ameiona WhatsApp, akauliza kwa nini huyu mama yuko matiti wazi na tumbo limemtuna. Jibu alilopata ni kunyang'anywa simu.

Picha ni ya George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki 2005. Alianza kwa kuchonga, baadaye akashika rangi. Viumbe wake ni mashetani. Si yule Shetani wa mahubiri, jamani! Hawa ni wa simulizi za Kimakonde: wanacheza ngoma, wanatongozana, wanagombana kama sisi.

Tazameni alivyowachora. Hakuna kivuli, wala ngozi inayofanana na ngozi. Rangi ni za kung'aa, na kila kiungo kimezungushiwa mstari. Masikio makubwa kama sahani, vidole viwili au vitatu. Mimi sioni hapo mtu aliyevuliwa nguo. Naona titi linalonyonyesha, na tumbo ambalo ni mimba, au shibe, au ulafi. Ashiki nayo ipo, sitaificha. Viuno vile havijatulia.

Wamakonde husimulia kwamba mwanamume wa kwanza alichonga mti kwa sura ya mwanamke, naye akageuka mtu, akawa mkewe. Watoto wao wawili wa mwanzo walikufa wakiishi bondeni karibu na maji. Wa tatu akapona walipohamia juu. Mimi ninayeandika habari za malaria na uzazi kila wiki, simulizi hiyo hunisimamisha. Kwa watu wanaosimulia hivyo, tumbo la mama si jambo la kuficha.

Nilimshauri mama amwite binti, watazame pamoja na ataje kila kiungo kwa jina lake. Mtoto asiye na jina la kiungo atamwambiaje mama kwamba kinauma, au kwamba kuna mtu amekigusa? "Matiti" alisema vizuri. Kwenye "uke" sauti ikashuka, akatazama mlangoni, lakini alisema.

Binti hata hakushtuka. Alitaka kujua masikio makubwa vile ni ya nini.

"Ya kusikilizia umbea," mama akamjibu.